Apolo Kivebulaya: Askari Aliyerudi Alikopigwa

Miongoni mwa watu wa eneo letu ambao sifa zao zimevuka mipaka, hatuna budi kumtaja Kasisi Apolo Kivebulaya, Mganda aliyezaliwa yapata mwaka 1864. Wengi humjua kuwa mhubiri. Sisi wa jeshi tunalipenda pia jina lake, ambalo maana yake ni kitu kitokacho Ulaya. Alipewa kwa ajili ya koti jekundu la kiaskari alilolivaa pamoja na kanzu yake.

Naam, alianza kuwa askari. Mwaka 1891 alifuatana na majeshi ya Kapteni Lugard kuelekea magharibi, akaiona milima ya Ruwenzori. Alibatizwa Januari 1895, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa mwalimu wa dini huko Toro. Mwishoni mwa 1896 akavuka mto Semliki na kuingia Boga, nchi ya Chifu Tabaro, ambako walimu waliomtangulia walikuwa wameshindwa kukaa.

Yaliyompata huko yangalimrudisha mtu mwingine yeyote kwao. Katika shughuli za ujenzi, dada yake Tabaro aliangukia mkuki akafa. Apolo alishitakiwa kwa mauaji, akapigwa, akapelekwa Toro chini ya ulinzi na kutiwa kifungoni, hata ilipoonekana hana hatia akafunguliwa.

Tumejiuliza mara nyingi: ni nini kilichomrudisha Boga? Wako wasemao ni ukaidi wa kiaskari. Sisi hatukubali, kwani ukaidi huchoka, na mtu huyu hakuchoka kwa zaidi ya miaka 30. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba katika siku hizo za mateso, alipokwisha kata tamaa, Kristo alimtokea aking'aa kama jua, akamtia moyo na kumwahidi kuwa pamoja naye. Asiyeamini njozi na asiamini. Lakini matendo yaliyofuata yanaonekana wazi. Mtu aliyekwisha ahidiwa mwenzi wa namna hiyo hakuhesabu tena fimbo wala upweke. Hakuoa kamwe, maana mchumba wake alifariki. Na Tabaro yule yule akaomba ubatizo, akaitwa Paulo.

Apolo alipata ukasisi mwaka 1903, na mwaka 1922 akafanywa kanoni wa Namirembe. Heshima hiyo haikumvuta mjini. Mpaka ulipowekwa na Boga ikawa upande wa Wabelgiji, alichagua kuwa huko huko pamoja na watu wake. Mwaka 1921, akikaribia umri wa miaka 60, ndipo alipoanza kazi mpya kabisa ya kuingia msituni kwa Wambuti, ambao lugha yao aliitafsiria Injili ya Marko.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei, 1933. Alikuwa ameagiza kwamba, kinyume cha desturi, azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, uliko msitu, kwa kuwa kazi ya huko ilikuwa bado.