Marion Chesham

Marion Chesham (anajulikana zaidi kama Lady Chesham, Philadelphia, Marekani, 1903 – 1973) alikuwa mwanasiasa wa Tanganyika mwenye asili ya Marekani. Alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza kuchaguliwa kwa kura katika Baraza la Kutunga Sheria la nchi hiyo.

Ndoa na cheo

Mwaka 1938 aliolewa na John Compton Cavendish, Baroni Chesham wa 4, akaishi naye kama mlowezi katika nyanda za juu za kusini za Tanganyika. Kwa desturi ya Uingereza mke wa baroni huitwa Lady, na neno hilo hufuatwa na jina la ubaroni wa mumewe. Cheo cha Dame ni tofauti: mwanamke hutunukiwa kwa kazi yake mwenyewe, nacho hutangulia jina lake la kwanza. John alipofariki mwaka 1952, ubaroni ulirithiwa na mwanawe wa ndoa ya awali. Mjane aliendelea kuitwa Lady Chesham, akabaki Tanganyika.

Siasa

Katika uchaguzi wa 1958–1959 kila mpiga kura alipaswa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mwezi wa Januari 1958, katika mkutano wa Tabora, TANU iliamua kushiriki. Kwa kuwa wakati huo haikupokea wanachama wasio Waafrika, iliunga mkono wagombea Waasia na Wazungu waliokubaliana na madai ya uhuru. Lady Chesham alikuwa mmoja wao, akashinda kiti cha Wazungu kusini. Katika Jimbo la Kaskazini, lenye Arusha na Mlima Meru, walioshinda kwa njia hiyo ni Sophia Mustafa, mkazi wa Arusha, na Derek Bryceson.

Hivyo mwanamke mwenye cheo cha kikabaila aliingia barazani kwa msaada wa chama cha Waafrika, huku chama cha UTP, kilichotegemewa na walowezi wengi, kikishindwa.

Baada ya uhuru

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, naye akaendelea kuwa mbunge. Mwaka 1962, pamoja na Julius Nyerere, alianzisha mfuko wa maendeleo ya jamii unaojulikana kama CDTF, wa kusaidia miradi ya kujitegemea vijijini. Karatasi zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha York, Uingereza.