John Snow: Daktari aliyefichua siri ya kipindupindu London

KATIKA karne ya 19, London ilifurika watu waliofuata kazi. Vinyesi vilijaa katika mashimo chini ya nyumba, na kipindupindu kiliua maelfu. Wakuu wa afya waliamini kuwa kiliambukizwa na hewa chafu.

Dk John Snow hakukubali. Mtoto huyo wa kibarua, aliyezaliwa York Machi 15, 1813, alikuwa bingwa wa dawa za usingizi aliyemhudumia Malkia Victoria alipojifungua mwaka 1853.

Agosti 1854, ugonjwa ulilipuka Soho na kuua zaidi ya watu 600. Snow alipita nyumba kwa nyumba, akabaini kuwa wengi wa marehemu walitumia maji ya pampu ya Broad Street. Septemba 8, kwa ushauri wake, mpini wa pampu hiyo uliondolewa.

Hata hivyo, wakuu hao walipuuza hoja yake. Alifariki Juni 16, 1858, akiwa na umri wa miaka 45. Agosti mwaka huo, uvundo wa mto Thames ulipolikera Bunge, mradi wa majitaka uliidhinishwa. Ulilenga kuondoa harufu. Hatimaye ulikomesha kipindupindu, kama hoja yake ilivyoashiria.