Mchoraji wa Pate Asiyeshika Brashi

Kuchora mji kwa rangi za maji, hali umeketi mbele ya mji wenyewe, ni sanaa yenye masharti magumu kuliko inavyodhaniwa na wengi. Mchoraji hubeba karatasi, kisanduku cha rangi, kopo la maji na brashi mbili tatu, kisha hutafuta mahali penye kivuli akaketi. Jua halimngoji. Kivuli cha ukuta alichokiona saa tatu asubuhi huwa kimekwisha kuhama ifikapo saa nne, na rangi ikishanyweka katika karatasi haifutiki kama penseli. Kwa hiyo hana budi kuamua upesi kipi ni cha lazima na kipi akiache. Hata weupe wa ukuta uliopigwa chokaa aghalabu haupaki rangi. Huiacha karatasi wazi, na pale palipoachwa ndipo mwanga unapotokea.

Kazi yangu ni isimu, wala sidai ustadi wa brashi. Hata hivyo masharti haya hunijia akilini kila ninapofundisha ushairi wa kale wa pwani yetu, maana nimesadiki kwamba picha bora kuliko zote za mji wa Pate ilitengenezwa kwa kuyafuata, na aliyeitengeneza alitumia wino na maneno tu. Huyo ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi. Walimu na wanafunzi wanalijua jina lake, na ni haki yake kwamba maisha yake nayo yasimuliwe.

Sayyid Abdallah alitoka katika ukoo wa masharifu wanaojinasibisha na Sheikh Abubakar bin Salim, walii mashuhuri wa Inat katika nchi ya Hadhramaut. Vizazi vya walii huyo vilihamia visiwa vya Lamu, vikaoa na kuolewa humo, na lugha yao ikawa Kiswahili. Wataalamu humkadiria mshairi huyu kuwa aliishi baina ya 1720 na 1820, na maisha yake yalifungamana na miji miwili, Pate na Lamu. Wasomi wengi huuweka utunzi wa Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, yaani katika uzee wake.

Hapana budi msomaji akumbuke Pate ilikuwa nini katika karne ya 18. Mji huo, uliotawaliwa na Wanabahani, ulikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya maandishi ya Kiswahili. Nakala ya utenzi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, kazi ya Mwengo bin Athumani, ina tarehe ya 1728. Sayyid Aidarus bin Athumani aliifasiri Hamziyya ya al-Busiri kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kizito cha kale. Majahazi yalileta vyombo vya kaure kutoka China, vitambaa kutoka Bara Hindi na bidhaa za Uarabuni. Katika mji kama huo, mwana wa sharifu alikulia baina ya vitabu na taa, akasikia mashairi kabla hajajua kuyaandika.

Kazi yake nyingine tunayoijua ni Takhmisa ya Liyongo. Katika utunzi wa takhmisa mshairi huchukua mishororo ya mtu mwingine, akaitangulizia mishororo yake mwenyewe hadi kila ubeti ukatimia mishororo mitano. Sayyid Abdallah alifanya hivyo juu ya maneno yanayonasibishwa na Fumo Liyongo, shujaa wa Ozi na Shaka. Kazi hiyo yafanana na ile ya mchoraji anayepewa michoro ya penseli ya mwenzake, naye akaitandazia rangi nyepesi moja juu ya nyingine bila kuiziba mistari ya chini. Nadhani humo ndimo alimojifunza kujizuia, na mchoraji wa rangi za maji asiyejua kujizuia huishia na tope.

Wakati mshairi anafikia uzee, Pate ilikuwa imekwisha kuinama. Mji ulichoshwa na ugomvi wa kurithi kiti cha ufalme, na vita vyake na majirani havikukoma. Bandari yake ilikuwa na maji haba, hata vyombo vikalazimika kungojea bamvua au maji kujaa, ilhali Lamu ilikuwa na mlango mpana na salama. Katika miaka ya mwanzo ya 1810 Pate iliungana na Wamazrui wa Mombasa kuishambulia Lamu, na majeshi yao yakashindwa vibaya katika pwani ya Shela. Baada ya hapo Lamu iliomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, na nguvu za kisiwa kizima zikaanza kuelekea kwingine. Katikati ya karne ya 19 Wanabahani wenyewe walihamia bara, wakaanzisha usultani wa Witu.

Huo ndio mji alioukabili Sayyid Abdallah. Al-Inkishafi ina beti zaidi ya 70, za mishororo minne minne, na mshororo wa nne wa kila ubeti hurudia kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Jina lake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kufunuka au kufunuliwa. Mtunzi anauhutubia moyo wake mwenyewe, akiuuliza kwa nini umeghurika na dunia. Lakini ushahidi anaouleta mbele ya moyo huo ni majumba. Anatuonyesha kwanza yalivyokuwa: taa za bilauri na za shaba zikiufanya usiku kuwa mchana, vyombo vya kaure vimepangwa katika zidaka za ukutani, vitanda vya thamani vyenye mito na matandiko, watu wakitembea kwa maringo. Kisha anatuonyesha yalivyo sasa. Katika vidaka vile vya sahani wamelala makinda ya ndege. Popo wananing'inia juu, bundi wanalia katikati ya nyumba, buibui wametanda nyuzi zao, na katika kumbi za misana, pale palipokuwa na mazungumzo ya waungwana, nyende wanalia.

Tazama uteuzi wake. Nyumba ya matumbawe ya Pate ilikuwa na mambo mia ya kutajwa: daka la mlango, tekani, kiwanda, msana wa chini na msana wa juu, ndani, sabule ya wageni, boriti za mikoko, nakshi za lipu. Mshairi hakuyataja yote. Alichagua kidaka, yaani kishimo cha ukutani kilichonakshiwa ili kibebe sahani moja, akakipa picha mbili: chenye kaure, kisha chenye kiota. Umbo la kidaka halikubadilika. Kilichobadilika ni kilichomo. Anguko la mji mzima limeingia katika nafasi inayotosha kitanga cha mkono. Mchoraji aliyeketi uwandani hufanya uamuzi wa namna hiyo, kwa kuwa hana muda wala karatasi ya kuchora kila jiwe.

Zaidi ya hayo, Sayyid Abdallah hakuwa mpita njia aliyevutiwa na magofu. Anapouliza wako wapi wale waliokuwa na nyumba hizo, anawataja kwa majina, na miongoni mwao yumo Ali bin Nasir, jina la baba yake mwenyewe. Basi nyumba zilizoingia popo ni nyumba za watu wake. Kila nikifika hapo darasani nasita, kwa sababu ubeti huo unabadilisha maana ya picha yote. Tulidhani twatazama mji wa watu wengine, kumbe mtazamaji ameketi kizingitini kwao.

Wako wanaopinga usomaji huu. Husema kwamba kuulizia wafalme waliopita na kulilia majumba yaliyobomoka ni desturi kongwe ya ushairi wa Kiarabu, hivyo mtunzi wa Pate aliazima kanzu iliyokwisha kushonwa. Hoja hiyo ina ukweli, nami siipuuzi. Lakini anayeazima kanzu haazimi mwili. Zidaka zilizopangwa ukutani kwa safu, misana mirefu myembamba, kaure ya ng'ambo iliyokuwa fahari ya waungwana, hayo ni mambo ya nyumba za visiwa vya Lamu, na mabaki yake yangali yanaonekana katika magofu ya Pate na katika nyumba za kale za Lamu. Desturi ilimpa swali. Jicho lake ndilo lililompa jawabu.

Upo upungufu pia, nao usifichwe. Kila mchoraji huchagua mahali pa kuketi, na akishaketi kuna mambo hayaoni. Sayyid Abdallah aliketi upande wa waungwana. Watumwa waliobeba mawe ya matumbawe, waliochoma chokaa, waliojaza mafuta katika taa zile, hawakupewa majina pamoja na Ali bin Nasir. Mwalimu anayefundisha Al-Inkishafi bila kuuliza ni nani aliyekuwa akizisafisha sahani za kaure huwafundisha wanafunzi wake nusu ya mji.

Baada ya mshairi kufariki, picha yake ilihifadhiwa na mikono ya wanakili. Mmojawapo ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, mtu aliyekuwa mshairi, mchonga milango, mwanamuziki na bingwa wa hati kwa pamoja. Aliandika utenzi wa Fumo Liyongo mnamo 1913, na miswada aliyoinakili kwa mkono wake imo katika maktaba za Ulaya hadi leo. W. E. Taylor aliitayarisha Al-Inkishafi ikachapishwa mwaka 1915 ndani ya kitabu cha Stigand kuhusu lahaja za Kiswahili. William Hichens aliitoa tena 1939, James de Vere Allen 1977, na M. M. Mulokozi akaiweka katika Tenzi Tatu za Kale mwaka 1999.

Wachoraji wa penseli na brashi nao walikuja, lakini kwa kuchelewa, na wengi walitoka mbali. Charles Guillain, nahodha Mfaransa, alisafiri katika pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848, na michoro ya safari yake ikachapishwa kuwa albamu. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimwajiri Joy Adamson achore kwa rangi za maji watu wa makabila mbalimbali wakiwa katika mavazi yao ya jadi, na nyingi za picha hizo zimo mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kazi hizo zina thamani yake. Hata hivyo, Pate iliyokuwa ikizimika, ikitazamwa na mtu wa Pate, tunayo moja tu, nayo imo katika beti.

Sasa niseme kinachonikera. Katika madarasa mengi Al-Inkishafi imegeuzwa kuwa waadhi. Mwanafunzi akiulizwa maudhui yake hujibu haraka kwamba dunia ni mapito, akapata alama zake. Akiulizwa kidaka ni nini, hunyamaza. Akiombwa achore msana, hajui aanzie wapi, hata kama amezaliwa mwendo wa saa chache kutoka Mtangawanda, gati wanaposhukia wageni wa Pate. Mafunzo ya utenzi yamesimama juu ya picha. Ukiiondoa picha, yanabaki maneno ambayo kila mtu angeweza kuyasema. Na huku shule, picha yenyewe inazidi kufifia katika pande mbili. Magofu ya Pate yamezungukwa na mashamba ya tumbaku, na kuta zake huanguka kila masika. Wakati huohuo, majina ya sehemu za nyumba hupotea pamoja na wazee wanaoyatamka, kwa kuwa anayejenga kwa matofali ya saruji na mabati hahitaji neno la sabule wala la tekani. Kama mwanaisimu naweza kushuhudia kwamba neno hudumu muda mrefu zaidi likiwa na kitu cha kulishika. Ukuta na jina lake huanguka kwa pamoja.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa walimu wa Kiswahili na wenzao wa sanaa, hasa walioko Lamu na visiwa vyake, ingawa Bagamoyo, Kilwa, Mji Mkongwe na Mombasa nako hakuna uhaba wa kuta za kale. Wapelekeni wanafunzi kwa pamoja mbele ya nyumba moja. Kila mmoja apewe karatasi, rangi za maji na nusu siku. Asichore mji mzima. Achague kitu kimoja, kama alivyochagua Sayyid Abdallah, akitazame hadi kivuli kihame. Kisha aende kwa mzee wa mtaa amwamkie, amwulize kitu hicho chaitwaje na kilitumiwa na nani, ajaze majina hayo pembeni mwa mchoro wake. Usiku huo asome Al-Inkishafi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya vitabu vingi vya marudio tunavyowanunulishia wazazi.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sayyid Abdallah aliinama mbele ya kidaka cha nyumba ya kwao, akaona kilichomo, na karne mbili baadaye twakiona sisi. Vidaka vilivyosalia Pate havitangojea karne nyingine mbili. Muhula ujao walimu wavitazame pamoja na wanafunzi wao, vingali vimesimama.