Richard Burton: Kutoka baraza ya Kazeh hadi mswada uliochomwa moto

NOVEMBA 7, 1857, baada ya mwendo wa siku 134 kutoka Kaole, karibu na Bagamoyo, msafara wa Kapteni Richard Francis Burton uliingia Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, mahali ambapo leo ni eneo la mji wa Tabora. Burton alikuwa na umri wa miaka 36. Pamoja naye walikuwapo John Hanning Speke, kiongozi wa msafara Said bin Salim, askari wa Kibaluchi, wapagazi na Myao mmoja aliyekuwa amepitia utumwa India, Sidi Mubarak Bombay, ambaye baadaye jina lake lingejulikana kuliko majina ya wazungu wengi.

Wanafunzi wetu humsoma Burton kama mtafuta maziwa, na habari yake huishia pale alipogombana na Speke juu ya chanzo cha mto Nile. Ugomvi huo umeandikwa vya kutosha. Upande wake wa pili hautajwi sana. Mtu huyu alikuwa miongoni mwa Waingereza wa kwanza kuandika kwa kirefu na bila kificho juu ya mambo mawili ambayo Ulaya ya zama zake haikutaka yasemwe mbele ya watu, nayo ni ndoa za wake wengi na mapenzi ya watu wa jinsia moja. Sehemu ya mafunzo yake aliipata hapa, kwenye njia kuu ya pembe za ndovu na watumwa.

Mwenyeji wake Kazeh alikuwa Sheikh Snay bin Amir, Mharithi aliyeanza maisha kwa kuuza halua Muscat na kuishia kuwa mfanyabiashara mkubwa wa bara. Snay alikuwa msomi kwa kipimo cha mahali pale. Alikijua Kiswahili na Kinyamwezi, alikuwa amefika Buganda mwaka 1852, tena alikuwa na kumbukumbu isiyopotea. Burton alikaa naye wiki tano hivi mara ya kwanza. Aliporudi kutoka Ujiji Juni 1858 alikaa tena miezi mitatu, akiwa mgonjwa. Speke alikwenda kaskazini na kuliona ziwa Nyanza Agosti 3 mwaka huo. Burton alibaki barazani akiuliza na kuandika.

Aliuliza lugha, bei za vitambaa na njia za misafara, lakini aliuliza pia habari za majumbani. Aliandika mahari ya ng'ombe anayopewa baba wa binti, idadi ya wake ambao mwanamume mwenye uwezo huwaoa, na habari za masuria wa wafanyabiashara. Alieleza pia iwanza, nyumba za mikutano za vijiji vya Unyamwezi, ambako wanaume walikuwa na yao na wanawake yao. Katika iwanza ya wanaume mgeni alikaribishwa. Ile ya wanawake haikuwa wazi kwake.

Jambo hilo la mwisho linastahili kuangaliwa zaidi ya mara moja. Takriban yote aliyoyajua Burton kuhusu ndoa za bara aliambiwa na wanaume, na wengi wao walikuwa wageni wenye mali. Wake wenyewe hawakuulizwa. Kitabu chake, The Lake Regions of Central Africa, kilichotoka mwaka 1860, kimejaa maelezo ya thamani yaliyochanganyika na dharau kubwa kwa Waafrika. Mwaka 1863 alishiriki kuanzisha Chama cha Anthropolojia cha London, ambacho kilijulikana kwa kutetea ubaguzi wa rangi kwa jina la sayansi. Hakuna sababu ya kumtakasa.

Mwaka uleule wa 1860, akiwa bado hajapona sawasawa homa za safari, Burton alikwenda Salt Lake City nchini Marekani kuwaona Wamormoni, ambao wakati huo walikuwa wakioa wake wengi na kulaaniwa na nchi nzima. Alionana na kiongozi wao, Brigham Young. Kitabu alichotoa mwaka 1861 hakikuwalaani. Alijenga hoja ya uchumi kwamba panapokuwa na ardhi tele na mikono michache, huku watumishi wakiwa ghali, nyumba yenye wake wengi ina faida zake. Ni vigumu kusoma hoja hiyo bila kukumbuka mashamba ya Unyamwezi aliyoyapita miaka miwili kabla. Lakini kule Utah angalau aliangalia pia jinsi wanawake walivyoishi, akaandika kwamba wapo walioitetea ndoa hiyo.

Jambo la pili lilikuwa la hatari zaidi. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwaka 1845, alipokuwa ofisa kijana huko Sindh, Jenerali Charles Napier alimtuma kuchunguza madanguro ya wavulana mjini Karachi. Burton alidai kwamba taarifa yake iliangukia mikononi mwa wasiomtakia mema na kumharibia kazi. Wanahistoria hawajaiona taarifa hiyo, na baadhi yao wana shaka kama ilikuwapo. Yeye alikaa kimya juu ya suala hilo kwa miaka 40.

Alilifungua akiwa balozi mdogo wa Uingereza mjini Trieste, bandari iliyokuwa ya Austria, alikohamia mwaka 1872. Kati ya 1885 na 1888 alichapisha tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela, juzuu 10 na nyongeza sita, kwa wateja 1,000 waliojiandikisha. Mwishoni mwa juzuu ya 10 aliweka insha ndefu, na ndani yake sura nzima juu ya mapenzi ya jinsia moja. Wakati uleule, mwaka 1885, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyopanua adhabu kwa wanaume wanaohusiana kimapenzi. Miaka 10 baadaye sheria hiyo ilimpeleka gerezani mwandishi Oscar Wilde. Burton hakushitakiwa. Alipata faida ya karibu gini 10,000, na mwaka 1886 Malkia Victoria akamtunuku cheo cha Sir.

Katika insha hiyo Burton alitumia maneno makali ya zama zake, akiuita mwenendo huo uovu. Hata hivyo alikataa kwamba ni tabia ya taifa au kabila fulani. Alisema chanzo ni jiografia na hali ya hewa. Alichora ukanda aliouita kwa jina la mshairi wa Kigiriki, Sotades, unaoanzia kwenye Bahari ya Mediterania, ukapitia Uajemi na Sindh hadi China na Japani, kisha ukazikumba Amerika zote mbili. Ndani yake, alidai, maumbile ya kiume na ya kike huchanganyika zaidi. Nje yake, mambo hayo ni ya nadra.

Afrika ya Mashariki aliiweka nje. Aliandika kwamba watu weusi kwa sehemu kubwa hawana mwenendo huo, ingawa yeye mwenyewe alitaja ripoti za zamani kutoka Kongo na Madagaska zilizompinga. Ajabu ni kwamba mwandishi huyo alikuwa amekaa Unguja na mwambao kwa miezi kadhaa tangu Desemba 1856. Mwaka 1899 jarida la wanaethnolojia la Berlin lilichapisha taarifa fupi kuhusu Unguja, ikitoa majina ya Kiswahili ya watu wa namna hiyo na kuwagawa kati ya waliozaliwa hivyo na waliojifunza. Ramani ya Burton ilikuwa imekosea katika kisiwa alichokuwa amekiandikia kitabu cha juzuu mbili.

Kosa hilo lilikuwa na maisha marefu. Usemi kwamba mapenzi ya jinsia moja ni kitu kigeni Afrika husikika leo kana kwamba umetoka kwa mababu, ilhali Waingereza kama Burton walikuwa wameuchapisha kabla ya ukoloni kukaa sawasawa. Waingereza haohao, katika Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya mwaka 1930, waliweka kifungu cha kuadhibu jambo ambalo waandishi wao walisema halipo. Kifungu hicho kingali katika sheria za Tanzania. Ndoa ya wake wengi, kwa upande wake, ilitambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971.

Mtu wa kwanza kumkosoa kwa uzito alikuwa mwandishi John Addington Symonds, ambaye mwenyewe alivutiwa na wanaume. Katika kijitabu alichokichapisha kwa siri mwaka 1891 alionyesha kwamba Burton hakuwa amesoma madaktari wa Kijerumani waliokuwa wakiichunguza nafsi badala ya joto la nchi. Symonds alishirikiana na tabibu Havelock Ellis, na kitabu chao kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1896. Saikolojia ilichukua muda mrefu zaidi kufika kwa wahusika wenyewe. Mwaka 1957 Evelyn Hooker wa Los Angeles alitoa matokeo ya kuwapima wanaume 30 wanaovutiwa na wanaume na wengine 30 wasiovutiwa, na wataalamu hawakuweza kutofautisha majibu ya kundi moja na ya lingine. Mwaka 1973 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliondoa hali hiyo katika orodha ya magonjwa. Mwaka 2018 tawi la chama cha wanasaikolojia wa huko linalohusika na watu hao liliunda kikosi cha kuchunguza pia uhusiano wa wenzi zaidi ya wawili kwa ridhaa ya wote, hivyo mada mbili za Burton zikakutana tena mezani, safari hii kwa kuwauliza wanaoishi maisha hayo.

Burton hakuyaona hayo. Sheikh Snay naye alikuwa ameuawa zamani, mwaka 1861, katika vita vya wafanyabiashara dhidi ya Mtemi Manwa Sera. Mwandishi huyo alitumia miezi yake ya mwisho kutafsiri upya kitabu cha Kiarabu cha Sheikh Nefzawi wa Tunis, akiongeza maelezo marefu juu ya mapenzi ya jinsia moja kuliko yote aliyowahi kuandika. Alikuwa karibu kumaliza alipofariki Trieste Oktoba 20, 1890.

Mkewe Isabel, Mkatoliki wa dhati aliyeolewa naye mwaka 1861, alijifungia na mswada huo. Mwaka uliofuata aliwaeleza wasomaji wa gazeti moja la London kwamba alikuwa ameahidiwa gini 6,000 na akazikataa, akautia motoni kwa ajili ya roho ya mumewe. Burton aliwahi kupoteza mswada mwingine, ule wa Zanzibar, uliokaa kwenye kasha mjini Bombay kwa takriban miaka minane kabla ya kurudishwa na kuchapishwa mwaka 1872. Mswada wa Trieste haukuwa na nakala. Isabel alifariki mwaka 1896 na kuzikwa kando yake Mortlake, London, katika kaburi la mawe lililojengwa kwa umbo la hema.