Alexander Graham Bell na sauti iliyobebwa na mwanga

Wengi wetu tunamjua Alexander Graham Bell kwa sababu ya simu. Yeye mwenyewe alithamini zaidi kazi nyingine, ambayo watu waliisahau.

Alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1847. Mama yake alisikia kwa shida. Mke wake, Mabel, alikuwa kiziwi. Huko Boston, Marekani, Bell alifundisha viziwi.

Mwaka 1880, miaka 4 baada ya simu, yeye na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walituma sauti kwa mwanga wa jua mjini Washington. Tainter alisema akiwa juu ya paa la shule. Sauti yake ilitikisa kioo chembamba, na mwanga uliotoka kwenye kioo ukabadilika pamoja nayo. Mita 213 kutoka hapo, Bell alikuwa na chombo chenye seleniamu kilichopokea mwanga huo, akasikia maneno bila waya katikati yao.

Lakini wingu likipita, sauti ilikatika. Bell alikufa mwaka 1922 kabla chombo hicho hakijaenea. Leo mafundi wanatuma intaneti kwa mwanga wa taa za umeme. Basi tusidharau mbegu inayokawia kuota.