MAISHA YA MICHAEL FARADAY

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington Butts, mahali ambapo siku hizi ni sehemu ya London. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya mbaya, na nyumbani chakula kilikuwa haba. Alipotimia miaka 14 aliwekwa kwa Bwana Riebau kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, akakaa huko miaka saba. Wengine walivishona vitabu wakaviacha. Yeye alivisoma, hasa vile vya umeme.

Mwaka wa 1812 mteja mmoja wa duka lile alimpa tikiti za kwenda kumsikiliza Sir Humphry Davy akifundisha katika Royal Institution. Faraday aliandika yote aliyoyasikia, akayajalidi kuwa kitabu, akampelekea Davy mwenyewe. Mwezi wa Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Sidhani kama imepata kuandikwa barua ya kuomba kazi iliyo bora kuliko ile.

Septemba 1821 alisimamisha sumaku ndani ya chombo cha zebaki, akatundika waya uliogusa zebaki ile. Alipopitisha umeme, waya ukaanza kuizunguka sumaku, na haukukoma mpaka umeme ulipokatwa. Hiyo ndiyo mota ya kwanza.

Mota ndogo tunazotumia katika Chama chetu cha Sayansi ni wajukuu wa waya ule. Mimi hupenda zile ambazo mhimili wake umepenya na kutokeza pande zote mbili: ncha moja huendesha gia ya gurudumu, na ya pili tunaitia kisahani chenye matundu cha kuhesabia mizunguko. Ukiutazama mhimili huo kwa upande mmoja huzunguka kama mshale wa saa, na kwa upande wa pili kinyume, ingawa chuma ni kimoja!

Lakini ushindi ule ulimletea Faraday fitina. Alitangaza habari zake upesi bila kuwataja Davy na Dr. Wollaston, ambao walikuwa wamejaribu jambo la karibu na hilo. Watu wakanong'ona kwamba ameiba. Kwa haki, Wollaston alitaka waya ujizungushe wenyewe mahali pake, wala si kuizunguka sumaku. Hata hivyo, naona ilimpasa awataje. Alipopendekezwa kuingia Royal Society, Davy, aliyekuwa rais wake, alimpinga. Alichaguliwa vivyo hivyo, Januari 1824.

Davy alifariki mwaka wa 1829. Miaka miwili baadaye Faraday alivumbua jinsi sumaku inavyoweza kuzalisha umeme, na majenereta mengi ya leo hufanya kazi kwa kanuni hiyo.

Alikataa kuitwa Sir, akakataa pia urais wa Royal Society. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867 katika nyumba ya Hampton Court aliyopewa na Malkia Victoria, akazikwa Highgate.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne