Theodor Bilharz na Maradhi ya Kichocho

Tangu Diani mpaka Msambweni na Ramisi, ni nadra kumpata mtu asiyelijua jina la kichocho. Lakini ni nadra vile vile kumpata azijuaye habari za yule aliyemfichua mdudu wake. Matabibu wa Kizungu na wa Kiarabu huyaita maradhi haya bilharzia. Neno hilo halina maana yoyote katika utabibu: ni jina la mtu tu.

Mtu huyo, Theodor Bilharz, alizaliwa Sigmaringen, kusini mwa Ujerumani, tarehe 23 Machi 1825. Alisomea utabibu katika mji wa Tübingen, na tangu ujana wake akapenda mno kuchunguza viumbe vidogo vidogo. Mwaka 1850 mwalimu wake, Wilhelm Griesinger, aliitwa Misri na serikali ya Abbas Pasha kusimamia mambo ya utabibu, naye akamchukua kijana huyu awe msaidizi wake. Wakafanya kazi Kairo, katika hospitali ya Kasri al-Aini, palipokuwa na chuo cha utabibu kilichoasisiwa katika zama za Muhammad Ali.

Wakati huo kukojoa damu huko Misri halikuwa jambo la kushangaza mtu. Matabibu wa jeshi la Wafaransa, lililoingia nchi hiyo mwaka 1798, waliliona kwa askari wao wasijue litokako. Wenyeji nao walikwisha lizoea, kwani jambo likiwapata wavulana wengi katika kila kijiji, nani atalitilia shaka? Hata huku kwetu wako waliodhani kuwa damu ile ni dalili ya mvulana kukaribia kubaleghe, na baba akiambiwa alikuwa akicheka tu.

Bilharz hakuridhika na mazoea hayo. Kazi yake ilikuwa kupasua maiti na kutafuta kilichowaua. Mwaka 1851 aliona katika damu ya mshipa mkubwa uendao kwenye ini minyoo myeupe ambayo hakuna mtu aliyepata kuieleza kabla yake. Alipomtazama mmoja kwa darubini alistaajabu, kwani dume alikuwa amejikunja mfano wa mfereji, na ndani ya mfereji ule amelala jike, mwembamba kama uzi. Baadaye akayaona mayai yao katika ngozi ya kibofu iliyovimba na kufanya vidonda, kila yai lina mwiba. Akayaandika yote kwa mwanazuoni wa kwao, von Siebold, naye akayatangaza.

Mayai hayo ndiyo yenye kuleta madhara. Minyoo hukaa katika mishipa inayozunguka kibofu, na huweza kuishi humo miaka mingi. Mayai hupenya yakitafuta njia ya kutoka na mkojo, na mengine hukwama. Ndipo mgonjwa huhisi moto akikojoa, huenda haja mara kwa mara, na matone ya mwisho huwa na damu. Mtoto hupungukiwa damu, akawa mchovu na mzito wa masomo, na mwalimu akamwita mvivu. Maumivu huweza kupungua mtu akadhani amepona, kumbe kibofu kinafanya kovu, mirija itokayo kwenye figo inaziba, na figo zinavimba. Wengine huishia katika saratani ya kibofu. Na wanawake, ambao habari zao husemwa kwa haya mno, hupata vidonda katika sehemu za uzazi, na wengine huwa tasa.

Bilharz aliinuliwa akawa mwalimu wa elimu ya viungo katika chuo kile cha Kairo. Jambo moja halikumfunukia: vipi minyoo ile humwingia mtu. Mwaka 1862 alifuatana na mtawala mmoja wa Kijerumani, Ernst wa Saxe-Coburg na Gotha, katika safari ya Massawa, katika Bahari ya Sham. Akashikwa na homa kali, akafa Kairo tarehe 9 Mei mwaka huo, naye ana miaka 37 tu.

Jawabu lilikawia zaidi ya miaka 50. Mwanazuoni mkubwa aliyekuwa Kairo, Arthur Looss, alishikilia kwamba minyoo hii hutoka kwa mtu ikamwingia mtu mwingine, bila ya mnyama mwingine kati yao, na wengi wakamfuata kwa ukubwa wa jina lake. Kumbe taklidi imo hata katika utabibu! Mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper alithibitisha, huko huko Misri, kwamba mayai yakiingia majini huanguliwa, na viluwiluwi vyake huingia ndani ya konokono wa maji baridi. Humo huzaana, kisha hutoka kwa maelfu, hasa jua likiwa kali, na kupenya ngozi ya mtu aliye majini. Kwa hiyo mtu hahitaji kuyanywa maji hayo. Kutia mguu kwatosha. Sheria yetu imekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na lau katazo hilo lingeshikwa katika mabwawa yetu, konokono wale wasingepata cha kubeba.

Msambweni imechunguzwa kwa ajili ya maradhi haya kuliko sehemu nyingi za Afrika. Katika miaka ya 1980 watoto wa skuli zake walipimwa mkojo na kupewa dawa, na ikaonekana kwamba prazikwanteli, vidonge vinywewavyo kwa siku moja, huiua minyoo na kuponya vibofu vingi vya watoto. Lakini dawa haimkingi mtu asiambukizwe tena. Bwawa likikauka wakati wa kiangazi, konokono hujificha topeni wakangoja mvua; mvua ikinyesha hutoka, na watoto nao hurudi kuoga, na mama zao kufua.